Luck, Griffin au Vick: kipaji cha nani kilipotea zaidi?

Nyumbani kwetu kuna ugomvi usiokwisha. Shemeji yangu ni mwanajeshi Texas, kambi ya Fort Hood, na yeye ni mtu wa Robert Griffin. Mdogo wangu, aliyekulia kwenye kibanda cha PlayStation pale Kisauni, hataki kusikia jina jingine ila Michael Vick. Mimi ni wa Andrew Luck, na nalisema mapema ili msomaji ajue mizani imeshikwa na nani. Simu ikipigwa Jumapili, salamu dakika mbili, ugomvi saa nzima: kati ya makwotabeki hawa watatu, nani aliondoka uwanjani na kipaji kingi zaidi kikiwa bado hakijatumika?

Kwa asiyeufuata mpira wa Kimarekani: kwotabeki ndiye anayepewa mpira kila shambulizi linapoanza, na ndani ya sekunde tatu hivi aamue aurushe, ampe mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Timu ikimpata mmoja mzuri hukaa naye miaka 10, hata 15. Ikimkosa, hubadilisha kila mwaka kama mtu anayetafuta kiatu cha mtumba kinachomwenea. Kwa hiyo kwotabeki mkubwa akipotea njiani, mji mzima huwekwa matanga, na matanga hayo hayana siku ya kuanuliwa.

Nimechagua hawa watatu kwa sababu tuliwaona wakicheza, na kwa sababu kila mmoja alipotea kwa njia yake.

Tunapima kwa nini

Kwanza niondoe kipimo kimoja: pete ya ubingwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyecheza Super Bowl, fainali ya ligi, kwa hiyo pete haitatusaidia kuwatenganisha. Na hata ingekuwepo, ni kipimo cha timu. Dan Marino, aliyevunja karibu kila rekodi ya pasi ya zama zake, hakushinda hata moja. Trent Dilfer, ambaye wengi hawamkumbuki, anayo.

Vipimo vyangu ni vinne. Kilele: mwaka wake bora ulikuwa bora kiasi gani? Namaanisha aliyoyafanya, yale tuliyoyaota sisi hayahesabiki. Kisu: ni nini kilimkata, na nani alikishika? Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipo, nami nitakaa hapo zaidi. Alama: baada yake mchezo ulibadilika popote? Na mwisho, maisha yake baada ya kuvua kofia, kwa sababu wapo wanaosema kipaji hakijapotea kama mtu alipata pengine pa kukitumia.

Andrew Luck

*Kilele.* Msimu wa 2011 Indianapolis Colts walishinda michezo 2, wakapoteza 14. Machi 2012 wakaachana na Peyton Manning, aliyekuwa amekosa msimu mzima kwa ajili ya shingo. Aprili wakamchukua Luck kutoka Stanford, chaguo la kwanza kabisa la drafti, zamu ya kila mwaka ya timu kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni. Mwaka wake wa kwanza timu ikashinda michezo 11, naye akarusha yadi 4,374, rekodi kwa mchezaji mgeni wa ligi, wakati kocha wake Chuck Pagano akitibiwa saratani ya damu kwa sehemu kubwa ya msimu. Miaka mitatu mfululizo alifika mtoano, na kila mwaka akavuka hatua moja zaidi ya mwaka uliotangulia. Msimu wa 2014 aliongoza ligi nzima kwa pasi 40 za tachidauni, yaani zilizoufikisha mpira ndani ya eneo la mwisho la mpinzani. Akabakiza mchezo mmoja kufika Super Bowl, na huko Patriots wakampiga 45–7.

Colts ndiyo timu iliyonivuta mimi pia, na sababu haikuwa Luck. Mwaka 2013 walimsajili Daniel Adongo, Mkenya mcheza raga ambaye hakuwahi kuugusa mchezo ule, na akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL, ligi kuu ya mchezo huo. Nilianza kuwatazama kumtafuta Adongo, nikamkuta Luck.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Januari 2014 nilikuwa zamu ya usiku, mapokezi ya hoteli moja Nyali. Mchezo dhidi ya Kansas City Chiefs ulianza saa sita na nusu usiku kwa saa zetu. Mwanzoni mwa robo ya tatu ubao ulisoma 38–10, Chiefs mbele. Mgeni mmoja akaja amepoteza ufunguo wa chumba, nikapanda naye ghorofa ya tatu, nikapambana na mlango, nikashuka. Nilipoketi, pengo lilikuwa pointi 10. Sikuamini, nikadhani mtandao umenirudisha nyuma. Kisha nikaona kile ambacho sitakisahau: mpira unamponyoka Donald Brown, mwenzake Luck, karibu kabisa na mstari, unadunda, unaangukia mikononi mwa Luck, naye hasimami kufikiri, anajirusha nao kichwa mbele mpaka ndani. Dakika chache baadaye akamtupia T.Y. Hilton pasi ya yadi 64. Mwisho 45–44. Nilipiga makofi peke yangu kaunta, na askari wa getini akaja kuuliza kuna nini. Usiku huohuo, niongeze kwa haki, Luck alikuwa amerusha pasi tatu kwa wapinzani. Shimo alilotoka nalo alilichimba kwa mkono wake pia.

*Kisu.* Mwili wake, na ukuta mbovu mbele yake. Wachezaji watano wa mbele kazi yao ni kumkinga kwotabeki, na kwa miaka kadhaa Colts hawakumpa ukuta wa maana. Mwaka wa kwanza tu aliangushwa mara 41. Msimu wa 2015 aliumia bega. Kisha Novemba, dhidi ya Denver Broncos, akapasuka figo na kuchanika msuli wa tumbo, na mchezo huo akaumaliza na kuushinda. Bega likapasuliwa Januari 2017, na msimu wote wa 2017 hakugusa mpira. Mwaka 2018 timu ikajenga ukuta hatimaye, ikimchukua Quenton Nelson katika drafti. Luck akaangushwa mara 18 tu, akarusha tachidauni 39, akatoka kwenye mwanzo wa ushindi 1 na vipigo 5 mpaka mtoano, akapewa tuzo ya mchezaji aliyerejea vizuri zaidi.

Halafu mguu. Tarehe 24 Agosti 2019, wakati Colts wakicheza mchezo wa kirafiki nyumbani, habari zilivuja kwamba Luck anastaafu. Alikuwa palepale pembeni ya uwanja, amevaa nguo za kawaida. Alipokuwa akitoka kuelekea vyumbani, mashabiki wa timu yake wakamzomea. Zilibaki wiki tatu afikishe miaka 30. Kwa waandishi, macho yamemlowa, alieleza kwamba miaka minne alikuwa kwenye mzunguko wa kuumia, maumivu na matibabu, na njia pekee ya kutoka aliyoiona ilikuwa kuuacha mchezo.

Hapa shemeji hunibana. Anasema Luck hakukatwa, aliweka mpira chini mwenyewe akiwa bado anaweza. Siwezi kulikana hilo. Ninachojibu ni kwamba mtu aliyeitwa mezani mara nne akapewa mifupa, siku ya tano akikataa kuja usimwambie kakosa njaa.

*Alama.* Kwenye namna mchezo unavyochezwa, ndogo. Luck hakuvumbua kitu. Alikuwa toleo bora la kile kilichokuwepo tayari. Waliocheza dhidi yake wanakumbuka zaidi tabia yake ya kumpongeza aliyemwangusha, kwa moyo mweupe, kiasi kwamba mabeki walichanganyikiwa. Alama yake halisi isome kwenye orodha ya waliofungua msimu nafasi yake Indianapolis: Brissett 2019, Rivers 2020, Wentz 2021, Ryan 2022, Richardson 2023. Miaka mitano, watu watano.

*Baadaye.* Alirudi Stanford kusomea shahada ya uzamili ya elimu, na tangu Novemba 2024 ndiye meneja mkuu wa timu ya chuo hicho.

*Anawafaa nani.* Wanaopima kipaji kwa miaka mizuri iliyokatwa. Kwotabeki wa leo akilindwa hucheza vizuri mpaka 37 au 38. Hesabu mwenyewe tangu 29.

Robert Griffin III

*Kilele.* Mwaka mmoja. Lakini mwaka gani! Alitoka chuo cha Baylor na Heisman ya 2011, tuzo ya mchezaji bora wa vyuoni, ambayo Luck aliikosa mara mbili akiwa wa pili. Miguu yake ilikuwa ya mwanariadha wa kweli: mwaka 2008 alifika nusu fainali ya majaribio ya Olimpiki ya Marekani, mita 400 kuruka viunzi. Timu ya Washington ilitoa chaguo tatu za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya pili ili ipande mpaka nafasi ya pili ya drafti ya 2012 impate.

Mchezo wake wa kwanza ulikuwa New Orleans, Jumapili saa mbili usiku kwa saa zetu, saa ambayo hata mama yangu huwa macho. Washington wakashinda 40–32. Mpaka msimu unaisha alikuwa na tachidauni 20 za pasi na pasi 5 tu zilizoibwa, na yadi 815 za kukimbia, nyingi kuliko kwotabeki yeyote mgeni kabla yake. Timu ilianza na ushindi 3 na vipigo 6, ikashinda saba mfululizo, ikatwaa taji la kanda yake kwa mara ya kwanza tangu 1999. Tuzo ya mgeni bora upande wa mashambulizi ikaenda kwake, ingawa Luck naye alikuwa mgeni mwaka uleule. Siku hizo swali lilikuwa nani kati yao ni bora, na wengi walisema Griffin. Nami nilisema hivyo, ingawa nyumbani sikubali kukumbushwa.

*Kisu.* Goti la kulia, na mikono mingi kwenye mpini. Goti hilohilo lilikuwa limekatika kano akiwa Baylor mwaka 2009. Tarehe 9 Desemba 2012 beki wa Ravens, Haloti Ngata, jitu la kilo zaidi ya 150, alimwangukia mguuni. Akakosa mchezo mmoja, akarudi na kifaa cha kubana goti. Tarehe 6 Januari 2013 Washington ikawakaribisha Seattle Seahawks kwenye mtoano, juu ya uwanja uliochakaa, nyasi zimepotea katikati. Robo ya kwanza Washington iliongoza 14–0, na kabla hata ya pointi hizo kukamilika goti lilikuwa limeshamgeuka tena. Akaendelea, akichechemea. Kocha Mike Shanahan alieleza baadaye kwamba kijana alimhakikishia anaweza. Robo ya nne mpira ukaja vibaya, chini, akainama kuuokota na goti likakunjika upande usio wake. Hakuna aliyemgusa. Kano mbili zikakatika. Seattle wakashinda 24–14.

Tuwe waadilifu: kijana wa miaka 22, uwanja umejaa, mtoano, nani atasema atoke? Ndiyo maana kocha analipwa. Lakini mwezi wa nane Griffin mwenyewe alikuwa akitangaza kila mahali kwamba atakuwa tayari mchezo wa kwanza, na tangazo la viatu likiimba wimbo huohuo. Miezi minane baada ya kupasuliwa akaanza. Msimu wa 2013 Washington ilishinda michezo 3, ikapoteza 13. Michezo mitatu ya mwisho aliwekwa benchi na Kirk Cousins akapewa nafasi. Cousins ndiye mkasa ndani ya mkasa: timu ilimchukua drafti ileile ya 2012, raundi ya nne, bila kutoa chochote cha ziada. Shanahan akafukuzwa, 2014 kifundo cha mguu kikateguka, 2015 hakucheza hata dakika moja.

Kuna kitu kimoja kilinichoma kuliko yote. Desemba 2014 Rams, waliouza ile nafasi ya drafti, walikwenda kucheza Washington. Kocha wao Jeff Fisher akatuma katikati ya uwanja, wakati wa kurusha sarafu, wachezaji sita kama manahodha: wote sita walipatikana kwa biashara ya Griffin. Kisha wakashinda 24–0. Griffin mwenyewe siku hiyo alianzia benchi. Shemeji anasema ule ulikuwa utani wa kishamba. Mimi nasema ulikuwa risiti.

*Alama.* Kubwa kuliko anavyosifiwa. Washington ya 2012 ilichukua mchezo wa vyuoni, ambapo kwotabeki humsoma beki mmoja wa pembeni kabla ya kuamua: beki akimfuata mbebaji, yeye hubaki na mpira, beki akimfuata yeye, huuachia. Waliokuwa wasaidizi kwenye benchi hilo ni Kyle Shanahan, Sean McVay, Matt LaFleur na Mike McDaniel. Wote wanne wakawa makocha wakuu wa NFL. Maabara yao ilikuwa goti la Griffin.

*Baadaye.* Alikaa Cleveland kidogo, kisha Ravens, akiwa akiba ya kwotabeki wao Lamar Jackson, halafu akaingia kwenye uchambuzi wa televisheni. Maneno hayajawahi kumpungukia.

*Anawafaa nani.* Wanaoamini kipaji kinaweza kuuawa na watu wengine, na wale waliowahi kurudi kazini kabla ya kupona kwa kuogopa nafasi kuchukuliwa. Shemeji ana sababu yake ya pembeni: Griffin alizaliwa Okinawa, wazazi wote wawili masajini, akakulia Copperas Cove, mji ulioshikana na kambi anayofanyia kazi yeye. Wanawe shemeji nao, mmoja kazaliwa Mombasa na mwingine Ujerumani.

Michael Vick

*Kilele.* Hapa mdogo wangu angepaswa kuandika yeye. Alipomjua Vick hakuwa amewahi kuona mchezo halisi hata mmoja. Mtalii fulani aliacha kibandani CD ya Madden NFL 2004, Vick kwenye jalada, na watoto wa mtaa wakagundua kwamba ukichukua Atlanta Falcons, ukakimbia kushoto, hakuna wa kukushika. Basi. Mwenye kibanda akapiga marufuku Atlanta, na anayeichukua analipa shilingi 20 badala ya 10.

Uwanjani hakuwa mbali na mchezo wa kompyuta. Chaguo la kwanza la drafti 2001. Desemba 2002, Minnesota, dakika za nyongeza, alikimbia yadi 46 mpaka ndani, na mabeki wawili waliomfuata wakagongana wenyewe nyuma yake. Januari 2003 akawa wa kwanza kuwafunga Green Bay Packers nyumbani kwao kwenye mtoano, 27–7. Mwaka 2006 akawa kwotabeki wa kwanza kufikisha yadi 1,000 za kukimbia ndani ya msimu, alipata 1,039.

Ila kurusha? Enzi za Atlanta karibu nusu ya pasi zake hazikufika. Amewahi kukiri hadharani kwamba hakuwa mtu wa kusoma mikanda ya wapinzani, na kwamba alikuwa wa mwisho kuingia na wa kwanza kutoka. Kilele chake halisi kilikuja baadaye, Philadelphia, 2010: tachidauni 21 za pasi, pasi 6 zilizoibwa, na tachidauni 9 za miguu. Usiku wa tarehe 15 Novemba mwaka huo, Washington, pasi yake ya kwanza ilikwenda yadi 88 kwa DeSean Jackson, na timu yake, Eagles, ikashinda 59–28. Alikuwa na miaka 30. Ndipo tukajua alichokuwa akikiacha mezani miaka yote.

*Kisu.* Mkono wake mwenyewe. Mwaka 2007 polisi waligundua kwamba nyumba yake Surry County, Virginia, ilikuwa kituo cha kupiganisha mbwa. Wale walioshindwa kupigana walinyongwa au kuzamishwa majini, naye akakiri kushiriki. Desemba akahukumiwa miezi 23 jela ya shirikisho. Mkataba wa dola milioni 130 ukayeyuka, akafilisika 2008, akatoka jela ya Leavenworth 2009. Misimu miwili kamili haipo, na wa tatu aliukalia benchi.

Kwetu wapo watakaosema, hayo yote kwa ajili ya mbwa? Nimelisikia barazani si mara moja. Asome mashtaka kwanza, halafu arudi tuzungumze.

Mchuma janga hula na wa kwao: Falcons walikuwa wamemwachia akiba wao Matt Schaub miezi michache kabla, na msimu wa 2007 ukaisha kwa ushindi 4, kocha akiwa amekimbia kabla haujamalizika.

*Alama.* Hapa hana mpinzani kati ya hawa watatu. Kabla yake, kwotabeki mwenye miguu mara nyingi alishawishiwa abadilishe nafasi. Leo timu zinamtafuta. Rekodi yake ya yadi 6,109 za kukimbia ilidumu mpaka Krismasi ya 2024, ilipovunjwa na Lamar Jackson, aliyekua akimtazama yeye.

*Baadaye.* Tangu Desemba 2024 ni kocha mkuu wa Norfolk State, chuo cha Virginia kisicho mbali na Newport News alikozaliwa. Amezunguka mashuleni kusema dhidi ya ukatili kwa wanyama. Wapo waliomsamehe na wapo ambao hawatamsamehe.

*Anawafaa nani.* Wanaopima kwa alama iliyobaki, na wanaoweza kukaa na mtu ambaye sifa na aibu yake haviachani.

Wakiwekwa mstari mmoja

Kwa namba za msimu wa kawaida: Luck alishinda 53 na kupoteza 33, pasi za tachidauni 171. Vick alishinda 61, akapoteza 51 na sare moja, tachidauni 133. Griffin alishinda 16, akapoteza 26, tachidauni 43. Ukitoa mwaka wake wa kwanza, Griffin alishinda 7 tu.

Namba ninayoipenda ni nyingine: umri wa msimu mzuri wa mwisho. Griffin 22, Luck 29, Vick 30. Ukiitazama hivyo shemeji ana hoja nzito kuliko ninavyotaka kukubali. Lakini mwaka mmoja ni ushahidi mdogo. Ligi huwa inajifunza, na huenda 2013 mabeki wangemsoma hata akiwa na magoti yote mawili. Luck alithibitisha mara mbili, kabla ya bega na baada yake. Vick alithibitisha amechelewa.

Uchague vipi

Ukitaka kubishana juu ya nani *angeshinda zaidi* kama mambo yangekwenda sawa, mchukue Luck. Ushahidi wake ni mrefu, na hutahitaji kubuni. Jiandae tu kwa hoja ya kwamba aliacha mwenyewe.

Kama swali mezani ni nani *alidhulumiwa*, Griffin. Lakini usimfanye mtakatifu. Mtu akikuletea yale matangazo ya kiangazi cha 2013, meza mate, kubali, endelea.

Kama unabishana na vijana ambao hawakuwaona hata mmoja, na wanauliza nani alibadilisha kitu, ni Vick, na mwonyeshe Lamar Jackson kama mfano hai. Kwa mwenye mbwa nyumbani, mimi ningeanza na mwingine.

Kama una mwana au mpwa anayecheza mchezo wowote na yuko karibu kurudi uwanjani na jeraha, usimpe namba. Mpe ile robo ya nne ya Januari 2013.

Na kama unataka kutazama tu bila kubishana na mtu, una usiku tatu. Luck: Chiefs, Januari 2014, anza robo ya tatu ubao ukiwa 38–10. Vick: Washington, Novemba 2010, na usichelewe, kwa sababu ile pasi ni ya kwanza kabisa. Griffin: New Orleans, Septemba 2012, wote, mwanzo mpaka mwisho. Ukitaka na ule wa Seattle, zima ubao ukisoma 14–0, ingawa hata hapo utamwona anachechemea.